Ndoana Katika Kitenge cha Mama Mkwe

Hata saa hii niandikapo, masikio yangu yangali yanawaka kwa tahayari, kwa kuwa jana alasiri, ukingoni mwa mto Ruzizi hapa Kamanyola, mbele ya mke wangu, wanangu, mashemeji na halaiki ya watoto wa jirani, nilimtia ndoana mama mkwe.

Sharti nieleze ilivyokuwa, maana uvuvi wa nzi wa bandia ni elimu yenye hikima ya ajabu. Mvuvi wa kawaida hufunga chubwi kwenye mshipi mwembamba, na uzito wa chubwi ukauburuta mshipi nyuma yake. Lakini nzi huyu, aliyefumwa kwa unyoya wa jogoo juu ya kijindoana, hana uzito wa kutupika hata hatua mbili, na kwa hiyo kitupwacho si nzi bali mshipi wenyewe, uliofanywa mnene kwa makusudi, kisha ukapunguzwa unene kidogo kidogo kuelekea nchani, hata ukaishia katika uzi usioonekana majini. Mshipi huruka kwanza nyuma ya mvuvi, na lazima uachwe unyooke wote angani ndipo uitwe mbele, kwani ukiitwa upesi huchapa kama mjeledi, na mlio wa mjeledi, wasemavyo wataalamu, hutokana na ncha yake kupita mwendo wa sauti. Ukicheleweshwa, huanguka. Baina ya haraka na kuchelewa pana nukta moja ya subira, na katika nukta hiyo mvuvi hana macho kisogoni.

Fimbo niliazimwa na shemeji aliyefanya kazi Nyeri, nchini Kenya, karibu na milima ya Aberdare, ambako samaki aitwaye trauti yupo tangu 1905, mlowezi mmoja aitwaye Grogan alipoleta mayai ya samaki huyo kutoka Uskoti yakatiwa katika mto Gura. Trauti hutaka maji ya baridi. Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460 juu ya bahari, ukaporomoka magengeni hata Kamanyola, ndipo ukatua uwandani kwenda Tanganyika, na trauti asingeustahimili. Lakini shemeji aliapa kwamba kuyu wa huku hawabagui nzi.

Mama mkwe alikuwa ameketi baidi, chini ya mwembe, kama adabu itakavyo. Nzi akaenda nyuma kwa uzuri usio kifani, akatua katika kitenge chake, chini kidogo ya kiuno. Nikavuta. Fimbo ikapinda. Mtoto mmoja akapaza sauti: "Papa amekamata kubwa!"

Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwani mila ya kwetu haimruhusu mkwe kumkaribia mama mkwe, sembuse kumpapasa kitenge. Na mke wangu, mwenye haki ya kupita baina yetu, alikuwa mchangani akicheka hata akashindwa kuinuka. Mama mkwe aliamua kuondoka. Aliinuka kwa taadhima, hakugeuka, akashika njia ya nyumbani, na kigurudumu cha mshipi kikaanza kulia, nami nikamfuata kwa mbali, nikimtolea mshipi ili kitenge kisiraruke, tukakatiza sokoni hivyo, wauza mihogo wakiunyanyua mshipi juu ya vichwa vyao kutupisha.

"Muzee, unamupeleka wapi?" akaniuliza kijana wa pikipiki.

Nikamjibu kwamba yeye ndiye anayenipeleka mimi.

Mengine ya likizo hii ni madogo. Huko Sange, nzi aliliwa na bata. Huko Uvira, kando ya mto Kalimabenge, nilitandaza mshipi ukauke, wafuaji wakauanikia nguo.

Liko moja lisilonichekesha. Asubuhi ya leo bwana mmoja mwenye kofia, asiyetaja idara yake, alinidai ushuru wa fimbo, kwa hoja kwamba ng'ambo ni Rwanda na nzi wangu huenda akavuka mpaka bila idhini. Nilicheka peke yangu. Hatua chache chini yetu vijana walikuwa wakiburuta chandarua cha mbu, wakizoa vifaranga vya samaki visivyozidi ukucha, wala bwana yule hakuwatupia jicho, kwa kuwa mifuko yao mitupu. Na siku mto utakapokwisha samaki, atatumwa mwenye kofia mwingine kuja kutuuliza sisi tumewapeleka wapi. Dhulma ya namna hii haina hata haya ya kujificha. Nililipa, kwa kuwa watoto walikuwa wakitazama. Risiti aliyoniandikia haikutaja mto wala samaki. Ilitaja faranga tu, nazo aliziongeza sifuri alipoona fimbo ina kigurudumu.