Ombi la Kuwakilisha Italia

Kwa Wasimamizi,
La Biennale di Venezia,
Ca' Giustinian, Venice.

Waheshimiwa,

KUH: OMBI LA BANDA LA ITALIA (AU LA CHINA, IKIWA LA ITALIA LIMEJAA)

Mimi ni mchongaji wa vinyago hapa Malindi. Nasikia maonyesho yenu ya sanaa yalianza 1895, na kwamba kila nchi huwekewa banda lake ionyeshe ilichonacho. Naomba banda. La Kenya silitaki, hilo nimelifuatilia tangu 2013 na nimeona lina wenyewe. Naomba la Italia.

Msishtuke. Sifa ninazo. Kiitaliano nimekiokota ufuoni bila kulipa karo, na leo naweza kuuza, kulalamika na kuapa kwa lugha hiyo. Nyuma ya karakana yangu kuna mkahawa wa pizza, moshi wake ndio unaoniamsha. Nusu ya vibao vya mjini kwetu vinasomeka kwa Kiitaliano, si kwa Kigiriama. Tena sisi watu wa pwani hii tumezoea mambo ya kuwakilishana. Tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano walirusha setilaiti ya Wamarekani kutoka jukwaa lao la baharini pale Ngomeni, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu wakaiita Uhuru. Nchi ya kwanza ikatoa chombo, ya pili ikawasha moto, ya tatu ikatoa bahari na jina. Kwa mwendo huo, mimi kusimamia banda la Italia ni jambo dogo sana.

Ikiwa Italia imejaa, nipeni China. Huko nako tuna udugu wa zamani. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga. Wakubwa wa pale walipomwona wakasema huyu si twiga, ni qilin, mnyama wao mtakatifu wa hadithini. Kumbe mtindo wa kitu chetu kupewa jina la wengine haukuanza kwenu. Ila angalau safari ile alikwenda twiga mwenyewe, kwa miguu yake minne.

Mtaniuliza nimezaliwa wapi. Nitawaomba radhi, swali hilo muda wake umepita. Mwaka 2013 banda la Kenya lilifunguliwa kwenu chini ya wasimamizi Waitaliano, na Wakenya waliomo ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akiwemo Mkamba mwenzangu Kivuthi Mbuno, ambaye namheshimu. Waliobaki, wengi wao walikuwa Wachina. Maonyesho yale yalikuwa na jina ambalo kwa Kiswahili changu ni kama "Asili Inayoakisi: Hisia Mpya ya Awali Yenye Kuroga." Niliwasomea mafundi wenzangu wakati wa chai. Mmoja akauliza kama ni dawa ya meno.

Mwaka huohuo Angola walikuja kwenu kwa mara ya kwanza. Kijana wao, Edson Chagas, alikuwa amepiga picha vitu vilivyotupwa katika mitaa ya Luanda, akazichapa kwa wingi na kuzipanga mafungu mafungu sakafuni, mgeni achukue aipendayo aende nayo. Wakapewa tuzo yenu, Simba wa Dhahabu, nchi ya kwanza ya Kiafrika kumpata kwa banda la taifa. Kwa takataka za Luanda, lakini za Luanda kwelikweli.

Sisi tukarudi 2015, na jina la safari hii likawa "Kuumba Utambulisho." Sijapata kuona jina la ukweli kama hilo. Orodha ilikuwa na mzaliwa mmoja wa Kenya anayeishi Uswisi, Mtaliano mmoja mkaazi wa huku kwetu Malindi, na walobaki, naam, China. Banda lilipangiwa San Servolo, kisiwa ambacho mpaka 1978 kilikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili. Hapo sisemi kitu.

Na tazameni bahati yetu. Mwaka huohuo maonyesho yenu makuu yalisimamiwa na Mnigeria, marehemu Okwui Enwezor, wa kwanza kutoka Afrika kupewa kazi hiyo. Ndani ya maonyesho yake alikuwemo Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, na filamu ya mwanamke anayetembea na kapu kichwani huku mzigo ukizidi kukua hatua kwa hatua. Mkenya alikuwepo Venice. Ila hakuwa kwenye banda la Kenya.

Wasanii wa Nairobi walipiga kelele kabla hata milango haijafunguliwa. Watu wakatia saini waraka wa kupinga, Michael Soi akachora picha za dhihaka kuhusu aibu ile, na hatimaye wizara yetu ikalikana banda lenye jina la nchi yake. Nimeelezwa taratibu zenu: nchi ndiyo inayoshiriki, nchi ndiyo inayoteua kamishna, nchi ndiyo inayolipa, nanyi mnapokea barua. Basi barua ilitoka kwa nani? Mjini kwetu yuko fundi wa mihuri, anakuchongea wa mpira chai ikiwa bado haijapoa. Sidai kuwa muhuri wa barua mliyoipokea ulichongwa hivyo. Kwa kweli, muhuri halali ndio unaonitisha zaidi.

Niruhusuni niwaambie habari ya twiga mwingine, maana nadhani ndiye atakayewaeleza vizuri.

Mpingo ni mti adimu. Ni mzito kama deni, na unakula makali ya tezo. Enzi za uhuni wangu nilikuwa nachukua kigogo cha mti mweupe, mwororo, namchonga twiga, nampiga msasa, kisha nampaka Kiwi nyeusi kwa kitambaa, ile ya viatu vya shule. Tabaka ya kwanza inanyweka. Ya pili inakaa. Unasugua kwa brashi ya viatu mpaka shingo inang'aa, unamweka kivulini karibu na mpingo wa kweli, na huna haja ya kusema uongo: mteja atajisemea mwenyewe. Mwezi mmoja wa Machi, jua kali, mama mmoja kutoka Bologna alimnunua twiga wangu, akamkumbatia kifuani, akaenda zake. Hakufika mbali. Alirudi, hakusema neno. Alifungua kiganja akanionyesha. Cheusi tititi, jasho na Kiwi. Nikamrudishia hela zake, na twiga nikamwachia. Tangu siku hiyo sijapaka.

Banda lile lilikuwa twiga yule, waheshimiwa. Mwaka 2013 mlimshika tangu Juni mpaka Novemba na hakuna aliyetazama kiganja chake.

Wapo watakaonijibu kwamba sanaa haina mipaka. Kweli, nami sina usafi wa kujidai. Uchongaji wetu Wakamba wenyewe ni wa kuazima: inasimuliwa kwamba Mutisya Munge alijifunza kwa wachongaji Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nao kwao Wamunyu. Lakini Munge aliazima ufundi, akauchosha kwa mikono yake, akafundisha jamaa zake, na leo hakuna anayeuliza. Hakuazima jina la Wazaramo akalipanga kwa mgeni.

Nisiwalaumu nyinyi peke yenu. Nyumba yetu iliachwa wazi ndipo mgeni akaingia akaketi kwenye kiti cha baba. Mwaka 2017 Wakenya watano walifika kweli, pamoja na msimamizi wao Jimmy Ogonga, wakaonyesha katika jengo la shule kule Giudecca. Mnajua kilichochelewa? Fedha za serikali. Tulipokuwa tumedanganywa tulikuwa na hasira ya kitaifa; walipokwenda wenyewe tulikuwa na shughuli nyingine. Halafu 2022 Waganda wakafungua banda lao la kwanza, Acaye Kerunen akatundika kazi zilizosukwa pamoja na akina mama wa kwao, Collin Sekajugo naye akaleta zake, na majaji wenu wakawataja kwa heshima. Nilifurahi kama jirani anavyofurahia harusi ya jirani: kwa meno.

Sasa mpango wangu. Banda la Italia liko Arsenale, na la China halipo mbali, kwa hiyo mkinipa yote mawili nitayafagia kwa ufagio mmoja. Nitawaleta wachongaji kumi na wawili wa Malindi, na Mtaliano mmoja ili kusiwe na malalamiko. Tutachonga papo hapo, sakafuni, vumbi lote liwe sehemu ya kazi. Kwa jina nimefikiria "Uitaliano Unaoakisi: Hisia ya Zamani Yenye Njaa." Italia isiwe na wasiwasi. Itasoma habari zake magazetini, kama sisi tulivyosoma zetu, na ikikasirika itapewa nafasi ya kujitetea baada ya miaka miwili.

Pamoja na barua hii nawatumia kielelezo cha kazi, twiga mmoja wa kimo cha dhiraa. Ni wa mwarobaini. Nimeandika hivyo chini ya kwato, kwa kalamu. Mshikeni hata kwa jasho.

Wenu mtiifu,
Mchongaji, Malindi.

Nakala: Wizara inayohusika na utamaduni, Nairobi, kwa taarifa, na ikiwezekana kwa muhuri.