Rimoti Yenye Breki Katika Nchi ya Dhahabu

Nyanda za Shinyanga zina hewa ya moto ipandayo mchana, na hivyo zingemfaa mrushaji wa kindege cha kuelea, yaani kile kinachopandishwa na mota kisha kikaachiwa hewa. Rimoti yake hupangwa kwa werevu: mkono uleule unaoongeza nguvu ya mota wakati wa kupaa hugeuzwa kwa swichi kuwa breki wakati wa kutua, ukashusha vibao vya ndani vya mabawa na kuinua vya nje, na kwa kuwa jambo hilo huinua pua, huongezwa mchanganyo, yaani amri ya pili inayoishusha pua kupitia mkia. Kufuli ya mota nayo huzuia pangaboi lisizunguke kabla mkono haujarudi chini kabisa.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama uangalifu huo huenda ukaonekana woga, kwani huko, katika fedha, wengi hupanga mota peke yake: duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, likianza kutema dhahabu, gari hununuliwa kabla mawe hayajafika kwenye karasha, yaani mashine ya kuyasaga, na swichi ya kutua hubaki mfukoni mwa mkopeshaji. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania hudai kibali kwa arushaye chombo kisicho na rubani. Arushaye noti ukumbini hadaiwi chochote, isipokuwa na mwenye baa.