Sifa za Masika ya Kakamega

Katika nchi ambayo kila kitu hulaumiwa, kuanzia bei ya mafuta hadi refa wa mpira, ni haki mvua ya Kakamega nayo ipate wakili wake. Namaanisha mvua ya masika hasa, ile inayongojwa Machi, ikachungulia Februari, ikatoweka, kisha ikarudi Aprili na jamaa zake wote. Wenye bustani za nyumbani huisema vibaya wakiwa wamesimama kwenye matope hadi vifundoni. Wewe msomaji, ambaye bila shaka una matuta yako mawili ya sukuma wiki nyuma ya jiko, unajua kwamba lawama hizo ni haya tu ya kukiri mapenzi.

Tuanze na ukarimu wake. Kumbukumbu za kaunti husema kwamba mvua ya mwaka huanzia takriban milimita 1,280 na kupanda hadi zaidi ya 2,200, kutegemea mahali. Wapo watakaouliza ni ipi hasa kati ya hizo watakayoipata wao. Hilo ni swali la watu wasiojua kupokea zawadi. Kule Turkana mvua ya mwaka mzima haifiki hata hiyo tofauti. Kwetu sisi, kinachotiliwa shaka peke yake kingeweza kustawisha mtama wa watu wengine.

Pia mvua hii ina nidhamu, tena nidhamu ya hali ya juu. Asubuhi jua huwaka kwa upole, nguo zikaanikwa, kunde za mbegu zikatandazwa kwenye gunia uani. Kufikia saa nane mchana upepo wa Ziwa Viktoria umepanda kutoka magharibi, umekutana na upepo wa mashariki karibu na ukingo wa Nandi, na mawingu meusi yamejikusanya upande wa msituni. Saa ya kunyesha huitunza. Siku ya kunyesha ndiyo huificha. Mgeni angependa iwe kinyume chake, apewe tarehe kamili ya kupanda na asisumbuliwe na saa, lakini mgeni huyo hajawahi kuonja raha ya kuamka kila siku kwa wiki tatu mfululizo akiwa na jembe begani na mbegu mfukoni, akitazama juu.

Juhudi za kuifanya mvua hii iseme mapema nia yake zimekuwa nyingi, na zote naziheshimu. Idara ya Hali ya Hewa hutoa kila mwaka utabiri wa Machi hadi Mei kwa kila eneo, ikitaja wiki ambayo mvua inatarajiwa kuanza. Jirani zetu wa Bunyore, katika kaunti ya Vihiga, wana ukoo wa Nganyi, ambao kwa vizazi vingi umesifika kwa kusoma miti inayochanua, mwendo wa ndege na safari za siafu. Wanasayansi wa Idara na wazee hao hata waliketi pamoja, wakalinganisha waliyoyaona na kuwapa wakulima neno moja. Jambo la busara kabisa. Upungufu wa kikao hicho ni mmoja tu: mvua yenyewe haikualikwa, nayo si ya kufungwa na maazimio ya mkutano ambao haikuhudhuria.

Isitoshe, ina uhusiano mpana wa kimataifa. Mwaka 2019 masika yalipochelewa hadi Aprili ikaelekea ukingoni, wataalamu walieleza kwamba kimbunga Idai kilichoupiga mji wa Beira, Msumbiji, mwezi Machi kilikuwa kimevuta unyevu wetu kuelekea kusini. Fikiria heshima hiyo. Mtu wa Shirere, hapa Kakamega, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Busia alikuwa na dania iliyokataa kuota kwa sababu ya mambo yaliyotokea Beira.

Lakini wema wake mkubwa uko katika biashara, na hapa naomba msomaji avute kiti. Nenda katika duka lolote la pembejeo mjini, katikati ya Aprili. Utamkuta mama amesimama kwenye kaunta, kiatu kimoja kina udongo mwekundu na kingine kina udongo mwekundu zaidi. Muuzaji hamuulizi anataka nini, kwa maana mkono wake umeshafika kwenye rafu.

“Mama, ni zile zile?”

“Ni zile zile, kijana wangu. Na za nyanya uongeze.”

Mbegu za kwanza zilipandwa na manyunyu ya Februari, zikaota vizuri, zikakauka kwa jua la wiki mbili. Za pili zilipandwa na mvua ya kweli, ambayo ilizibeba zikiwa bado na rangi ya dawa. Za tatu ndizo hizi. Mvua ya kufuata kalenda ingemfanya mama huyu anunue pakiti moja kwa msimu, na muuzaji huyo kijana angekuwa ameshafunga duka na kununua bodaboda. Mwaka 2020 serikali ilizindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni ili kila familia ijipatie mboga. Hesabu ilikuwa ya bustani. Ingekuwa ya upandaji, Kakamega na majirani wake wangeifikisha milioni hiyo bila kuhitaji uzinduzi wala hotuba.

Sasa mvua ya mawe. Wengine huitaja kwa sauti ya chini, mimi huitaja kwa shukrani. Huanza na jiwe moja juu ya bati, halafu kimya kifupi, halafu mabati yote ya mtaa hupokea wimbo na hakuna anayemsikia mwenzake. Mama mwenye nyumba hutoka mbio na karai, beseni na sufuria ya ugali, akifunika miche ya nyanya mmoja baada ya mwingine mpaka vyombo vinaisha na miche ingali mingi. Hapo ndipo huchaguliwa ni mche upi uishi, kwa upesi ambao ungezifunza kitu mahakama zetu. Watoto nao hutoka na vikombe, wakaokota barafu na kuitafuna. Ikikoma, sukuma wiki husimama vijiti vitupu, na majani yake yako chini, yamekatwakatwa vipande vyembamba tayari kwa kukaangwa. Kisu hakikuguswa. Kuna mchanga kidogo, nakubali, lakini mtu anayetaka kukatiwa mboga bure na pia aoshewe ni mtu wa kupenda makuu.

Tena tusijifanye kwamba hatuna mkono wetu katika baraka hizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1982 kuhusu Kericho, ambako mashamba ya chai hupigwa na mawe ya mvua mara nyingi kuliko karibu popote duniani, ulionyesha kwamba majani makavu ya chai yaliyooza chini yana chembechembe na bakteria zinazosaidia maji ya mawinguni kuganda. Kwa maneno mengine, mmea hupeleka maombi juu na majibu huteremka. Sijui kama sukuma wiki yangu nayo huomba. Naona tu kwamba hujibiwa.

Kuna pia suala la haki ya ugawaji. Mtu wa juu ya kilima hununua samadi, huilipia mkokoteni, huifukia kwa mikono yake kwenye matuta. Mvua ya siku moja huichukua yote pamoja na matuta yenyewe na kuishusha kwa jirani wa bondeni, ambaye hakununua kitu. Mabunge yamejadili usawa wa rasilimali tangu uhuru. Mvua huutekeleza kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Jirani wa bondeni naye hajisifu, kwa sababu yote aliyopewa hukaa kwake siku chache tu kabla ya kuelekea mtoni.

Na anayedhani haina uzalendo aitazame bustani baada ya wiki ya mvua. Kabichi zimeoza kuanzia moyoni. Nyanya zina mabaka ya kahawia na harufu isiyosemekana. Pilipili hoho imekata tamaa. Lakini mrenda, ambao hakuna aliyeupanda, umejiotea kando ya choo ukiwa mbichi na wenye mtelezo. Managu yameenea njiani. Kunde, saga na mitoo vinachumwa. Mvua hii inajua mila ya Waluhya kuliko vijana wetu wengi. Kila msimu hutupa karamu ile ile ya mababu, na kila msimu sisi hurudi dukani kutafuta mbegu za kabichi.

Ikikatika ghafla Mei, nayo ina kusudi. Viwavijeshi vamizi, wageni walioingia Kenya mwaka 2017 na kupenda mahindi yetu, husumbuliwa sana na matone mazito. Mvua yetu huwapa wiki mbili za ukame wale kwa utulivu, kisha hurudi kuosha kilichosalia. Utu huo hauonekani katika maeneo yenye mvua ya kuaminika.

Faida ya nyumbani siitaji kwa urefu, kwa kuwa kila familia ina ushahidi wake. Mzee anayeulizwa kwa nini shamba halijalimwa husema mvua imezidi. Akiulizwa wiki ya pili husema mvua imekosekana. Mara zote mbili anasema kweli, na ni wanaume wachache katika nchi hii wanaopewa nafasi ya kusema kweli mara mbili ndani ya nusu mwezi.

Kwa sababu hizo zote, napendekeza wanaotuhimiza kujenga vibanda vya nailoni, kuvuna maji ya paa kwenye matangi na kufunika matuta kwa nyasi kavu wapunguze kasi. Mambo hayo yanafanya kazi, na hiyo ndiyo hatari yake. Mwenye tangi hatazami juu. Mwenye kibanda hasimami dirishani na kikombe cha chai kilichopoa akihesabu ngurumo. Baada ya misimu miwili mtu wa namna hiyo atakuwa na nyanya, lakini hatakuwa na jambo la kuzungumza na jirani zake.

Msimu wa pili huanza Agosti, au Septemba, au mvua itakapoona inafaa. Nunueni mbegu mapema kabla bei haijapanda, na kila mtu achukue pakiti tatu.