Kesi ya Kambare wa Semliki, Kutoka Namba 6 Kushuka

Mimi na mama watoto tuna ugonjwa mmoja: kesi za watu. Nani kasogeza mpaka wa shamba, nani katoboa gunia la kahawa. Ila ile tunayobishania kila tukitoka Kasese na kukunja Kikorongo kwenda Bwera iko ng'ambo ya Mpondwe, upande wa Kongo, na walioichunguza nao ni mume na mke: John Yellen na Alison Brooks, waakiolojia wa Marekani. Wao walisomea. Sisi tunajitolea.

6. Eneo la tukio. Ishango, mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Ni jirani na Bwera, ila forodha iko katikati. "Mshukiwa hakuulizwa pasipoti," mama watoto husema.

5. Kielelezo. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo kijifupa cha sentimita 10 hivi, chenye kipande cha kwatzi nchani na mikato katika safu 3. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19. Kuna waliosema ni hesabu, kuna waliosema ni kalenda ya mwezi. Mama watoto anasema ni daftari la madeni: "Huyo wa 19 ni wewe." Mfupa uko Brussels. Polisi wetu nao wana tabia ya kukaa na vielelezo.

4. Umri. De Heinzelin alikadiria miaka isiyozidi 11,000 hivi. Brooks na wenzake walipopima upya, ikavuka 20,000. Mwanaume hukisia, mwanamke huja kusahihisha; sina la kuongeza, nimeoa.

3. Silaha. Hapa ndipo kesi ilipochacha. Katanda, kilomita chache kufuata mto, timu ya mume na mke hao ilifukua chusa za mfupa, zimechongwa meno pembeni ili samaki akichomwa asichomoke. Wakapima mchanga na meno ya viboko yaliyokuwa pamoja nazo: miaka kama 90,000. Walipotangaza katika jarida la Science mwaka 1995, wengi waliguna, kwa sababu Ulaya chusa za namna hiyo zilionekana makumi ya maelfu ya miaka baadaye. Yaani mvuvi wa Semliki alitakiwa asubiri Wazungu wabuni kwanza!

2. Marehemu. Kambare. Mtazame sokoni: kichwa bapa, ndevu nne kila upande, ngozi tupu. (Wasabato wa Kasese tumewafuta kwenye orodha ya washukiwa, samaki asiye na magamba hawamli.) Mifupa ya Katanda ni ya kambare wakubwa, waliopevuka, na wapelelezi wakaunga: hao husogea maji ya kina kifupi kutaga, mvua zinapoanza. Wauaji walijua msimu. Yaani walikusudia.

1. Utetezi. Wenye shaka wana hoja nzito: chusa za Katanda na za Ishango zinafanana mno, ilhali kati yake kuna zaidi ya miaka 60,000. Nani abaki na mtindo mmoja muda wote huo? Nilimwambia mama watoto kwamba hapo upande wa mashtaka umekwama. Akalitazama shati langu, kola hadi vifungo. "Umekwama wapi? Shahidi si huyu."