Dakika Tano Kutoka Konza

Sant Cugat, mji wa matajiri kando ya Barcelona, ulianza na monasteri ya Wabenedikto. Nguzo za ua wake zilianza kuchongwa karne ya 12, wenye pesa wakaja baadaye. Sisi wa Makueni hatuna subira hiyo. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua jiji la Konza, ekari 5,000 pale Malili. Jiji bado linajengwa, ila madalali walishafika zamani.

Mabango kando ya barabara ya Mombasa yanaimba: ploti 50 kwa 100, bikoni zimepandwa, hati tayari, dakika tano kutoka Konza. Kwa helikopta, labda. Maji nayo tumeahidiwa ya bwawa la Thwake, mpakani na Kitui. Kwa sasa yanaletwa na punda, mitungi minne ya njano kila safari.

Watawa wale wa Sant Cugat waliapa kutomiliki mali ndipo wakajenga. Mnunuzi wetu hulipa kwanza, ufukara ukafuata.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa arubuni, fanya sachi ofisi ya ardhi, kisha uifikie hiyo ploti kwa miguu yako mwenyewe. Na saa ubebe.