Namna ya Kumsimulia Mtoto Historia Bila Historia Kufika Shambani Kwako

Wazazi wa Kiminini, Trans Nzoia, tahadharini. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa mwaka 2019, mtoto harudi tena nyumbani na hesabu peke yake. Anakuja na agizo: mtafute mzee akusimulie jamii yenu ilivyoishi. Jioni utamkuta amekaa mbele yako, simu ya mama yake inarekodi, na kisingizio cha uchovu hakikubaliki. Fuata hatua hizi, utamaliza hadithi salama na shamba lako halitatajwa.

1. Anzia mbali sana. Mwambu na Sela, watu wa kwanza katika simulizi za Wabukusu, ni wahusika wazuri mno. Hawakuwa na hatimiliki, wala hawakuwa na jirani wa kuwabishia mpaka. Kaa nao hadi ugali uive.

2. Mango, shujaa wa Wabukusu, apigane, lakini asitumwe na mtu. Hapa usibane maneno. Joka lijikunje pangoni kule Mwiala, Mango aingie na silaha yake, kichwa kianguke, na mtoto asahau hata kupepesa macho. Ila nyamazia kilichompeleka. Simulizi yenyewe inasema Mango alitaka kutahiriwa kwa Wabarwa, jirani zake wa upande wa Wasabaot, nao wakamwambia akaliue joka kwanza. Mtoto akilisikia hilo, atajua kwamba chinyimba, kengele za watahiriwa, zinazolia kila Agosti ya mwaka wa shufwa zina deni kwa jirani. Maneno kama hayo hayafai kusemwa, hasa kampeni zikikaribia.

3. Vita vya 1895 viwe na pande mbili tu. Wabukusu wamejifungia katika boma la Chetambe, karibu na Webuye. Hobley, afisa wa Kiingereza, anakuja na bunduki. Inatosha. Mtoto akiuliza ni nani walioibeba bunduki hiyo, usitaje askari wa Kisudani wala Waganda. Akigundua kwamba Mwafrika alimpiga Mwafrika kwa amri ya mgeni, atataka kujua walilipwa nini.

4. Elijah Masinde abaki uwanjani. Mzee huyu alikuwa mwanasoka hodari, akaichezea Kenya. Msimulie mabao, chenga na shangwe, kisha upulize kipenga. Ukipitiliza utajikuta katika Dini ya Msambwa aliyoiongoza, iliyopigwa marufuku mwaka 1948, na Masinde aliyewaambia Wazungu wafunge virago. Mbaya zaidi, utalazimika kueleza kwa nini mtu aliyefungwa na mkoloni alifungwa tena baada ya uhuru.

5. Ruka miaka hamsini kwa pumzi moja. Hii ndiyo hatua kuu. Tangu walowezi walipoanza kugawiwa tambarare ya Trans Nzoia hadi bendera ilipobadilishwa mwaka 1963, usisimame popote. Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Itaje kwa sababu treni huwafurahisha watoto. Usiseme ilikuja kubeba mahindi ya nani, wala ni nani aliyeyapalilia akiwa skwota, kitambulisho cha kipande kikining'inia shingoni. Wala usiseme kwamba Wasabaot hukumbuka malisho yao yakishuka hadi huku kabla ya seng'enge ya kwanza. Baada ya uhuru, sema hivi: "Tukahamia hapa, Mungu akatubariki." Kampuni za kununua mashamba, michango ya akina nyanya waliouza kuku, na majina yaliyotoweka kwenye orodha kabla ya ploti kupimwa, hayo ni mambo ya watu wazima.

6. Akizidi, mpeleke makumbusho. Kitale kuna jumba zuri, lililotokana na mikusanyo ya Kanali Stoneham, mlowezi aliyefungua makumbusho yake miaka ya 1920. Mwonyeshe nyoka na kobe, mpige picha, mrudi. Akitaka kujua vitu vya wazee vilifikaje mikononi mwa mlowezi, mnunulie soda.

7. Funga kwa mtihani. "Hadithi hii inatufunza nini?" Jibu liwe moja: tuwe na bidii na tuwatii wakubwa. Swali hili limezima udadisi mwingi kuliko usingizi.

8. Dharura. Pamoja na juhudi zote hizi, kuna mtoto atakayeuliza: "Babu, kabla yetu, hapa palikuwa pa nani?" Kohoa. Kumbuka ng'ombe hajafungwa. Mtume kwenye posho mill hata kama unga upo.

Akirudi na swali lile lile, basi umeshindwa, mjibu. Mwambie baba yako alimlimia mlowezi gani, alilipwa kiasi gani, ploti ilipatikanaje, na ni nani aliyekuwa akilisha mifugo hapa kabla ya wote hao. Lakini ujue madhara yake. Kesho atakuja kabla hujanawa mikono, akiwa na mtoto wa jirani, na mtoto huyo atakuwa na hadithi ya kwao isiyolingana na yako hata kidogo. Hapo mwongozo huu hauna msaada tena. Tafuta kiti cha pili, umwite na babu yake.