Wiki ya Heksani

Jumatatu. Heksani imefika. Mtunza stoo amepima lita moja kwenye mizani, akapata gramu 660, akagoma kusaini hati. Anadai tumepunjwa. Nikamwambia heksani ndivyo ilivyo nyepesi, lita inayofika kilo ni ya maji. Akanitazama kama mtu aliyekula njama na muuzaji. Kwenye hati ameandika kwa wino mwekundu: "Pungufu gramu 340."

Jumanne. Siku ya kutoa mafuta kwenye mbegu za alizeti. Mtambo wenyewe ni wa aina aliyoibuni Franz von Soxhlet mwaka 1879: heksani huchemka kwenye nyuzijoto 69, mvuke hupanda, hupozwa na maji ya bomba, hudondokea mbegu, huyeyusha mafuta na kurudi nayo chini. Bwana Soxhlet hakupangiwa mgao wa maji. Saa tano asubuhi bomba likakauka, mvuke ukaendelea na safari. Nikazima jiko la umeme. Mama wa usafi, kwa nia njema, akafungua vidirisha vya juu. Mvuke wa heksani ni mzito karibu mara tatu kuliko hewa. Ulikuwa umeshajitandaza sakafuni, ukielekea chumba cha pili ambako wenzangu walikuwa na kiberiti mkononi na sufuria ya chai mezani. Kimiminika hiki hata kikipozwa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri bado mvuke wake hushika moto. Chai imeahirishwa. Wamenuna.

Jumatano. Mwanafunzi wa alizeti amekuja mbio: mbegu zake zimetoa mafuta kuliko za kitabuni. Heksani ikikauka huondoka na joto, chupa hupoa, na hewa yetu hii ya pwani huishushia umande. Alikuwa amepima umande. Akafuta chupa kwa kitambaa, akapima tena, akaondoka akitembea.

Alhamisi. Vipindi vya vitendo. Kazi: tikisa heksani na maji ya bromini, andika unachokiona. Kundi la kabatini liliona rangi ya chungwa ikihamia tabaka la juu na kubaki pale. Kundi la dirishani liliona rangi ikififia mpaka ikaisha, likaandika kwamba hii ni alkeni, chupa imebandikwa lebo ya uongo. Kumbe mwanga wa jua huisukuma bromini ichukue nafasi ya hidrojeni, hata kwenye alkani. Hoja nzuri kabisa ya kufundishia. Mhadhiri alifunga pazia, akawaambia warudie.

Ijumaa. Kizibo cha mpira kimekunywa mvuke wiki nzima, kimevimba, hakitoki. Nimeomba vizibo vya kioo. Ofisi ya ununuzi imejibu haraka isivyo kawaida: vya kioo havimo kwenye bajeti, ila vya mpira vipo boksi zima, nitume mtu akavichukue.